Barua Tisa Kutoka Gonja

"Sylvester yupi, mwanangu? Hapa kina Sylvester ni wengi."

"Sylvester Komba. Mngoni wa Songea. Anakata mkonge."

Mama Yudith aliacha kupakua makande, akamtazama yule mgeni kuanzia miguuni hadi kichwani. Msichana alikuwa amejaa vumbi la barabara ya kutoka Same, kikapu begani, kanga ameifunga vizuri kama mtu anayekwenda kutambulishwa ukweni.

"Wewe nani wake?"

"Mchumba wake. Naitwa Jenoveva."

Mama Yudith aliweka upawa chini.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Nimekaa siku nne kwenye mabasi, mama. Nionyeshe tu njia ya kambini."

"Kambini hutamkuta. Sylvester aliondoka hapa mwaka jana, mwezi wa pili. Alikwenda upande wa Korogwe na Justa, yule aliyekuwa akiuza samaki pale. Wameoana. Hata mtoto wanaye."

Jenoveva alicheka. Alicheka kweli, kwa sababu jambo lenyewe halikuwezekana.

"Mama, utakuwa unamfananisha. Mimi nina barua yake ya mwezi uliopita."

Akaingiza mkono kikapuni, akatoa barua zilizofungwa kwa uzi. Mama Yudith hakujua kusoma, lakini aliigeuza ile ya juu, akaitazama, kisha akatazama upande wa pili wa gulio, mbele ya duka la ushirika, ambako mwanamume mmoja alikuwa ameinama mezani akiandika huku wakata mkonge watatu wakisubiri zamu yao.

"Mwandiko sijui," alisema polepole. "Lakini hapa Gonja barua zote zinatoka mkono mmoja. Kamuulize Eliufoo."

* * *

Ilikuwa Januari 1972. Sylvester alikuwa ametoka kijijini kwao, upande wa Peramiho, tangu mwaka 1968, akisema atakata mkonge miaka miwili tu ndipo arudi kufunga ndoa. Hakujua kuandika. Barua zake ziliandikwa na mtu wa sokoni, na majibu yalipitia kwa mtu huyohuyo. Kule nyumbani Jenoveva naye hakujua kusoma, kwa hiyo katekista ndiye aliyemsomea. Zilikuwa barua fupi: mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako, msalimie mama, kazi ni ngumu.

Kisha Jenoveva aliingia kisomo cha watu wazima, akasoma kwa bidii hadi mwalimu mwenyewe akashangaa. Alipoweza kusoma bila msaada, barua nazo zilikuwa zimebadilika.

"Leo nikueleze mahali nilipo," ilisema moja. "Gonja iko chini ya mlima. Wazee wanasema misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika hapa zamani za babu zao, ikinunua chakula kabla ya kuingia nyikani. Hata sasa siku ya gulio watu wa milimani wanashuka na ndizi, maharage na tangawizi, watu wa tambarare wanapanda na samaki, Wamasai wanaleta mbuzi. Huku bondeni kuna ziwa la Kalimawe. Asubuhi ni jeupe kama sahani. Jua likipanda, ziwa linakuwa rangi ya majivu. Jioni kivuli cha mlima kinalifunika lote, na wewe uliye sokoni unajua ni saa ya kufunga."

Jenoveva aliisoma barua ile mara nyingi sana. Sylvester aliyemjua hakuwahi kuona rangi ya kitu chochote. Ni nini kilichombadilisha? Alitaka kujua. Kadiri barua zilivyokuja ndivyo alivyotaka zaidi, na mwishowe akaona hawezi kungoja. Alimuaga mama yake, akapanda basi.

* * *

Alisubiri hadi wale wakata mkonge watatu walipoondoka, ndipo akaketi kwenye kigoda mbele ya meza.

"Karibu, dada," alisema Eliufoo bila kuinua uso. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, karani wa ushirika siku za kawaida na mwandishi wa barua siku za gulio. "Inakwenda kwa nani?"

"Kwa Sylvester Komba."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Nasikiliza."

"Andika: Mpenzi Sylvester, mimi ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako."

Aliandika.

"Nimefika Gonja. Nimeliona gulio kama ulivyoniambia. Nimeuona mlima. Ila wewe sijakuona."

Eliufoo hakuandika tena. Aliinua uso.

"Wewe ni Jenoveva."

"Andika."

"Dada Jenoveva..."

"Nimesema andika! Andika: Sylvester, nani amekuwa akiniandikia?"

Kalamu aliilaza mezani.

"Mimi," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili mwaka jana. Kabla ya hapo yalikuwa maneno yake, mimi mkono tu."

"Yeye yuko wapi?"

"Ameoa. Siku ya kuondoka alikuja hapa, akaketi hapo ulipoketi, akasema, mwandikie Jenoveva asiningoje. Niliandika. Bahasha nikaifunga kabisa. Kesho yake ikaja barua yako."

Jenoveva aliikumbuka barua ile. Ilikuwa ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake, herufi zimelala huku na huku. Baba amefariki. Tumezika Jumanne. Naomba neno lako hata moja.

"Sikuweza," alisema Eliufoo. "Baba yako hana mwezi kaburini, nami nikutumie habari ile? Nilisema nitaandika neno moja la pole, kisha baadaye nitasema kweli. Ukajibu. Ulinieleza jinsi mzee alivyokuwa akiimba akichunga. Nikajibu tena."

"Hukunijibu wewe. Alinijibu Sylvester!"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo yale ya baba yangu, yale ambayo hata mama sikumwambia, uliyasoma wewe."

"Niliyasoma mimi."

Watu walianza kugeuza shingo. Jenoveva aliteremsha sauti, na hapo ndipo ilipozidi kuwa kali.

"Kuna mwanamume alikuja nyumbani kuniposa. Mtu mzuri, mwalimu wetu wa kisomo. Nilimkataa kwa sababu yako. Ameshaoa mwingine. Ulijua, maana nilikuandikia."

"Nilijua."

"Na siku hiyo ulifanya nini?"

"Nilifurahi," alisema Eliufoo. "Ndipo nilipojua kwamba nimeharibu. Kama ingekuwa ni huruma tu, nisingefurahi."

Jenoveva alisimama. Aliikunja ile barua ambayo haijamalizika, akaiweka kikapuni, akavuka gulio bila kuangalia nyuma. Nyuma ya chungu cha makande, pale ambapo watu hawakumwona, alilia hadi kanga ikalowa. Mama Yudith alimwambia kwamba gari la Same ni keshokutwa, kwamba atalala kwake, na kwamba atampitia balozi wa nyumba kumi kumjulisha kuna mgeni.

* * *

Asubuhi yake Eliufoo alifungua mlango wa ghala la ushirika, akamkuta Jenoveva amesimama nje na barua zake mkononi.

"Nina siku moja hapa," alisema Jenoveva. "Nataka kujua uongo ulikuwa mkubwa kiasi gani. Ziwa ni kweli?"

"Ni kweli. Kila nilichokwambia juu ya mahali hapa ni kweli. Uongo ulikuwa ni jina tu."

"Jina tu!"

"Samahani. Nimesema vibaya."

"Umesema vibaya sana. Twende ukanionyeshe. Wewe mbele, mimi nyuma."

Eliufoo aliomba ruhusa, wakashika njia ya kupanda Bombo, ambako alizaliwa. Jenoveva alitembea na barua kama mkaguzi. Alisoma, akatazama, akasoma tena. Mto Hingilili ulikuwa pale, unashuka kwa kelele kati ya mawe. Mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee ilikuwa pale, inazunguka tumbo la mlima hadi kwenye migomba. Kina mama walikuwa wanashuka na mizigo kichwani, wanamsalimu Eliufoo kwa Chasu, lugha ya Wapare, na kumwuliza jambo ambalo aliona haya kulijibu.

"Wanasemaje?"

"Wanauliza kama nimepata mchumba."

"Waambie mimi ni polisi."

Aliwaambia. Walicheka mpaka mmoja akashikilia mkungu wake usianguke, na Jenoveva, bila kutaka, akageuza uso pembeni kuficha tabasamu.

Walipofika kwenye kona ya juu alisimama. Tambarare yote ilikuwa chini yao, mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, na mbali kidogo Kalimawe, jeupe, limetulia. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua barua ya sita.

"Hapa umeandika: nikisimama juu naona maziwa mawili, Kalimawe na Manka. Manka liko wapi?"

Eliufoo alinyoosha shingo. Akasogea kulia. Akapanda juu ya jiwe.

"Halionekani," alikiri.

"Kwa nini uliandika?"

"Baba yangu aliniambia linaonekana. Sikuwahi kuhakikisha."

"Kwa hiyo hata ziwa ulilitunga."

"Hilo moja."

Jenoveva aliketi juu ya jiwe lilelile. Alikuwa amekuja kutafuta kilichombadilisha Sylvester, na sasa alikijua: hakuna kilichombadilisha. Mtu aliyempenda mwaka mzima alikuwa amesimama hapo pembeni, viatu vina tope, na alikuwa amemdanganya. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, wala kimoja hakikukifuta kingine.

"Una karatasi?" aliuliza.

"Sikosi karatasi."

"Mwandikie mama yangu. Kwa jina lako. Kila kitu. Mimi nitasoma neno kwa neno."

Aliandika akiwa amepiga magoti, jiwe likiwa meza. Jenoveva aliinamia begani kwake.

"Umeandika 'nilikosea'. Futa. Andika 'nilidanganya'."

Alifuta, akaandika.

Barua ilikuwa hivi: "Mama, shikamoo. Mimi ni Eliufoo wa Bombo, Upare. Hunijui. Sylvester Komba ameoa tangu mwaka jana, naye alinituma nimwambie binti yako, nami sikumwambia. Badala yake nilidanganya. Nilimwandikia barua tisa kwa jina la Sylvester. Kwa ajili yangu amekataa mume mwema. Sina la kujitetea. Sikumfanyia mzaha. Nampenda, lakini kupenda kwangu hakuondoi nililotenda. Mtakaloamua nitalipokea."

Jenoveva alisoma mara mbili, akaikunja.

"Usiniandikie," alisema. "Ukiniandikia, nitachoma bila kufungua."

Kesho yake alipanda gari la Same. Eliufoo alisimama mbali, kwenye ukuta wa duka, hadi gari likapinda.

* * *

Miezi mitatu ilipita. Eliufoo hakuandika. Mama Yudith alisema alikonda, na kwamba siku za gulio alikuwa akiwauliza wakata mkonge mara mbili mbili: "Hili ni neno lako kweli? Niliandike hivihivi?"

Mwezi wa nne barua ikaja, herufi zimelala huku na huku. Mistari ilikuwa miwili.

"Mama amesomewa barua yako. Anasema mtu wa namna hiyo anataka kumwona kwa macho."

Mwezi wa sita Eliufoo alishuka kwenye basi, akatembea hadi kwenye nyumba aliyoelekezwa. Mama yake Jenoveva alikuwa anakoboa mahindi. Ndugu wa marehemu mumewe walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Jenoveva alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayejua kuandika?"

"Ndiyo, mama."

"Kalamu zako zibaki mfukoni. Mimi sisomi. Sema kwa mdomo."

Mtu aliyewaandikia watu mia mapenzi yao alikosa pa kuanzia.

"Nilimdanganya binti yako," alisema mwishowe. "Nampenda. Mkinifukuza, nitaondoka."

"Basi?"

"Basi, mama. Sina zaidi."

Mama akageukia mkeka.

"Yule mwingine hakuja mwenyewe kusema hata hilo," alisema. Kisha akamtazama tena Eliufoo. "Mahindi yetu hayajavunwa na mzee hayupo. Utavuna?"

"Nitavuna."

"Binti yangu hajasema lolote, wala simsemei."

Alivuna wiki tatu. Mikono ya karani ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena. Jenoveva alivuna mstari wa pili, na maneno yao yalikuwa ya mahindi tu: leta gunia, shika huku, panya hao. Siku walipopakia gunia la mwisho alijifuta jasho, akamkabili.

"Sijaacha kukasirika."

"Najua."

"Nitakasirika siku nyingine, hata tukiwa wazee. Nitakuwa nasonga ugali, nitakumbuka, nitakutupia mwiko."

Eliufoo alikuwa amebeba gunia. Alilishusha taratibu, kwa sababu alikuwa amesikia neno moja tu.

"Tukiwa wazee?"

"Usijifanye hujaelewa. Unajua kusoma."

Padri alitoa masharti yake kwa kuwa Eliufoo hakuwa Mkatoliki, mchungaji wa Bombo akanung'unika, wazee wa pande zote mbili wakakaa vikao hadi wakachoka. Ndoa ilifungwa mwezi wa kumi, Peramiho. Bibi harusi alipopewa daftari la ndoa, hakumwachia mtu amwandikie: alichukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, watu kanisani wakingoja. Kisha akampa bwana harusi kalamu, akamwinamia sikioni.

"Jina la kwako," alimnong'oneza. "Nakuangalia."