Springi Nilizozifunga kwa Uzi

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za wanawake, na sare za shule msimu wake ukifika. Mchana cherehani inalia, wateja wanaingia, tunasema ya watu, siku inakwenda. Saa kumi jioni nafunga kazi. Hapo ndipo chumba kinanishinda.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa. Alifariki mwaka jana. Tulikaa miaka ishirini na sita bila mtoto, sisi wawili tu, yeye na kelele zake, mimi na zangu. Alinifundisha nyimbo tatu. Baada ya msiba nikawa nazipiga kila jioni, kwa gitaa lake na amplifaya yake. Amplifaya ni lile sanduku lenye spika linalokuza sauti. Ya kwake ilikuwa na mwangwi. Ukiacha kupiga, sauti inaendelea kidogo, kama vile kuna mtu chumba cha pili anaitikia. Nilikuwa napigia huo mwitikio, sisemi uongo.

Mwezi uliopita nilihama. Nyumba ile kubwa ilinielemea, nikapanga chumba kimoja. Nikachomeka amplifaya, nikapiga. Sauti ikatoka kavu, inakatika papo hapo. Nikazungusha kitufe cha mwangwi mpaka mwisho. Wapi.

Siku hiyo nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu.

Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nilikosea kumwambia.

"Shemeji, hilo dude limezeeka," akasema. "Jumamosi nakuja kulichukua. Nitatafuta mtu alinunue hivyo hivyo."

"Si nimekwambia ni mwangwi tu?"

"Sasa wewe utafanya nalo nini? Jumamosi, shemeji." Akakata.

Nilikuwa na siku tatu. Nikachukua bisibisi ya cherehani, nikaanza kufungua mgongo wa amplifaya, na waya wa umeme bado uko ukutani. Ndiyo, mimi, mtu mzima na akili zangu. Bahati yangu mlango ulikuwa wazi, na jirani akapita. Ni mwanamke anayetengeneza redio kwenye kibanda pale kona. Tulikuwa tunasalimiana tu. Sikuwahi kumkaribisha.

"Mama, toa mkono," akasema.

Akaingia bila hodi, akazima, akachomoa waya ukutani.

"Umeme wa humu ni mkali. Na hata ukichomoa, mwingine unabaki ndani, unakusubiri. Huku juu usiguse kabisa. Hapa ni pa fundi."

"Nilitaka kutazama tu."

"Wengi walitaka kutazama tu."

Nikampa kigoda. Nikamweleza yote, pamoja na habari ya Jumamosi. Akaniuliza kama daktari. Sauti ya gitaa yenyewe iko? Iko. Tatizo limeanza lini? Tangu nihame.

"Basi tusianze na makubwa," akasema. "Kitu kikiharibika baada ya kuhama, mara nyingi kimechomoka au kimelegea. Tunaanza na chepesi."

Akanionyesha kisanduku chembamba cha bati, chini kabisa ya amplifaya, pale mgongo ulipo wazi, ndani ya mfuko mweusi. Kinaingiwa na nyaya mbili.

"Mwangwi unatengenezwa humu. Ndani mna springi. Waya huu unapeleka sauti. Sauti inatembea kwenye springi, inachelewa. Waya wa pili unairudisha. Kule kuchelewa ndiko mwangwi wenyewe."

Niliposikia springi nikageukia cherehani, nikajifanya napanga nyuzi.

Akachomoa zile nyaya mbili, akazifuta, akarudisha kila moja mahali pake. "Usizibadilishe," akasema. Akawasha. Kavu vilevile. Akafungulia mwangwi mpaka mwisho, akachukua penseli yangu, akagonga kisanduku kwa nje, taratibu. Spika ikatoa ngurumo fupi.

"Umesikia? Upande unaorudisha ni mzima. Tungegonga tukasikia kimya, tungetafuta huko. Sasa ubovu uko upande unaopeleka. Nusu ya kazi imeisha, na hatujafungua kitu."

Akazima, akachomoa waya wa ukutani tena, akatoa kisanduku mfukoni. Akakigeuza.

Springi zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi mweusi, mizunguko mitano, na fundo juu yake.

"Mama, nani kafunga hivi?"

Ningekuwa na wa kumsingizia ningemsingizia. "Mimi. Siku ya kuhama nilikitoa mfukoni, nikakitikisa nikasikia kinalia. Nikadhani springi ni za kuzuia mtikisiko, kama za godoro. Nikazifunga zisiumie njiani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi machozi yakanitoka. Kitu pekee kilichokuwa kinaniitikia, nimekiziba mdomo kwa mikono yangu mwenyewe. Alipoona, akaacha kucheka, akanishika bega.

"Pole, mama. Wanaoharibu hizi springi ni wengi. Ila fundo zuri hivi sijaliona."

Nikakata uzi mwenyewe kwa mkasi mdogo. Springi zikaning'inia inavyotakiwa. Akaenda kibandani kuleta mita yake ya kupimia umeme. Akagusa upande unaorudisha, mshale ukapanda. Akagusa upande unaopeleka, haukutingishika. Waya mwembamba kama unywele ulikuwa umekatika, pale pale uzi wangu ulipovuta. Akaulehemu kwa tone dogo la risasi. Akapima tena, mshale ukapanda. Akarudisha kisanduku na nyaya zake, akawasha.

"Ukihama tena, kitoe kizima, kiviringishe kwenye blanketi," akasema. "Ndani usifunge. Haya, piga."

Nikapiga wimbo wa kwanza. Mwangwi ulirudi. Mume wangu hakurudi. Hilo nilikuwa nalijua, lakini nafikiri jioni ile ndipo nilipolikubali. Nikapiga mpaka mwisho. Jirani hakuondoka kwenye kigoda.

Jumamosi shemeji akaja na mkokoteni. "Kaa kwanza," nikamwambia, nikapiga. Alisikiliza ameshika kofia mkononi. Nilipomaliza akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Mnunuzi sikupata," akasema. "Wala sikutafuta. Nilitaka likae kwangu tu, shemeji. Kwangu nako ni kimya."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hata maneno nilishayapanga. Yote yakanipotea. Mwaka mzima nalia peke yangu, naye mtaa wa pili analia peke yake, na tunayemlilia ni mmoja.

"Halitoki hapa," nikasema. "Wewe ndiye utakayekuwa unakuja."

Akafuta uso kwa kofia. Jumamosi iliyofuata akabisha hodi tena, bila mkokoteni.