Mwalimu wa Winga

"Mama, nice heart! Cheap heart!"

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ulikuwa umefurika watu. Allen, winga wa kuwapeleka wateja kwenye maduka ya wenzake, alikuwa akimpungia kofia mama mmoja mgeni kutoka Zambia. Pembeni, dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha bluu akashindwa kujizuia, akacheka.

"Kaka, hiyo ni hat. Wewe unamuuzia moyo."

"Kwani wewe hununui?"

Dada huyo aliitwa Elieshi, mwalimu wa Kiingereza wa jioni pale Gerezani. Alitaka kukasirika, akaishia kutoa namba ya simu. Masomo yakaanza usiku, kwa simu.

"Sema bad. Fungua mdomo, usinionee aibu."

"Bed."

"Hicho ni kitanda, Allen!"

"Mwanafunzi akifeli, mwalimu ajiulize."

Elieshi alikuwa akicheka mpaka mama yake anagonga mlango. Mapenzi yalikwishakolea, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Jumamosi moja akaenda kumshtukiza, amevaa sketi mpya, ananukia marashi. Akamkuta Allen kamshika mteja mkono: "My darling, my queen, come and see!" Elieshi akageuka, machozi yakimlenga.

Allen alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Mpenzi, si ndiyo kazi yetu mawinga? Kila mteja ni darling. Au nilitamka vibaya?"

"Ulitamka vizuri mno, ndiyo maana imeniuma. Maneno yako yote ni ya dukani, Allen. Langu sijui ni lipi."

Usiku huohuo Allen akampigia simu mjomba wake.

Jumapili baada ya ibada, hodi ikabishwa nyumbani kwa kina Elieshi. Akaingia mzee Melkiori, mjomba wa Allen, na nyuma yake Allen mwenyewe, shati limenyooshwa, kimya. Alitoa shikamoo tu, akakaa. Mjomba ndiye aliyeeleza kwamba kijana wao ameona jiko katika nyumba hii.

"Mbona mwenyewe hasemi?" baba akauliza.

"Anasemewa, mzee mwenzangu. Ndiyo heshima."

Elieshi akaitwa. Akamwona msemaji wa maduka ya watu ameinamisha kichwa, jasho linamtiririka, anangoja kusemewa. Hasira zote zikamwisha, akampenda upya.

"Binti, wageni hawa unawafahamu?"

"Mjomba simfahamu, baba. Huyo aliyenyamaza ni wangu."