Pengo la Miaka Mitatu

Haraka haraka ina baraka, ndugu zangu. Walau ndivyo ilivyoonekana katika kampuni moja ya programu za simu, pale mkuu wa ajira, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Mkubwa, alipoleta akili mnemba ya kuchuja maombi ya kazi. Maombi mia tisa yalisomwa kabla chai yake haijapoa. Majina yalifichwa, mtu asije akabebwa. Yeye alibonyeza "Kubali" tu, akawahi nyumbani kwa mama yake. Nani asingeipenda mashine hiyo?

Jumamosi asubuhi alikuwa akimpakia mama siagi kwenye mkate, maana mkono wa kulia wa mama haukupona baada ya kiharusi. Simu ya mdogo wake ikalia. Mdogo akasoma, akailaza kifudifudi mezani.

"Nani wa asubuhi asubuhi? Mchumba?"

"Angekuwa mchumba ningecheka. Soma mwenyewe."

*Safari yako bado ni ndefu, nasi tunakutakia heri.* Sentensi ile ya kuwakataa waombaji Dada Mkubwa aliitunga kwa mkono wake.

"Umeomba kwetu? Umeneja wa bidhaa? Mbona hukuniambia?"

"Ili waseme nimepanda mgongo wa dada?"

Jumatatu aliiuliza mashine sababu. Ikajibu: pengo la miaka mitatu bila kazi. Ilifundishwa kwa mafaili ya wafanyakazi bora wa kampuni, na hakuna kati yao aliyewahi kukaa nyumbani hata mwaka mmoja. Faili la kwanza lilikuwa la Dada Mkubwa mwenyewe.

Hapo akakumbuka. Mama alipoanguka, mmoja wao ilibidi aache kazi. Mdogo ndiye aliyesema, "Nenda, dada, mimi nitabaki." Rekodi isiyo na doa ya mkubwa ilinunuliwa kwa pengo la mdogo.

Alisimamisha ajira zote, akayasoma mwenyewe maombi mia mbili na kumi yaliyotupwa kwa kosa hilohilo. Mashine hakuifukuza, aliiachia kazi ya kupanga, akainyang'anya ruhusa ya kukataa. Siku ya usaili, zamu ya mdogo wake ilipofika, yeye alitoka chumbani, wakamsaili wengine. Wakampa programu ya kukumbusha dawa aikague. Akaishika simu kwa mkono wa kushoto peke yake.

"Kitufe hiki mgonjwa wa mkono mmoja hakifikii," akasema. "Mama yangu angekwisha kuitupa simu."

Wakamwajiri siku hiyohiyo.

Mkurugenzi alikuja juu. "Umetuchelewesha wiki tatu! Andika barua ya kuomba radhi."

"Radhi, bosi? Kwa kusoma?"

Funzo

Mashine ni mtumishi hodari, nisimsingizie. Lakini hujifunza kutokana na wale tunaowasifu. Tukiwasifu waliofika bila kuuliza nani alibaki nyumbani, itawatupa waliotubeba. Kiongozi asiyeweza kuieleza "hapana" yake, asiibonyeze.

Barua ile haijaandikwa hadi leo. Na mkurugenzi yeyote atakayejiona humu, yangu pia asiisubiri. Siombi radhi.