Kitambaa Juu ya Kompyuta

Ndunge hakuwa mtoto wa kusukumwa kufanya kazi. Kila asubuhi, kabla kengele ya gwaride haijalia, alikuwa ameshachukua ufunguo ofisini na kufungua chumba cha kompyuta cha shule yao, karibu na soko la Kanyangi. Alinyunyiza maji kidogo sakafuni ili vumbi jekundu litulie, akafagia, kisha akafuta meza. Kompyuta ilikuwa moja tu, na Ndunge aliitunza kuliko alivyozitunza nywele zake mwenyewe.

Siku moja aliamua kuipamba. Kwao nyumbani televisheni ilivalishwa kitambaa cha kufuma, redio ikavalishwa, na makochi yote vilevile. Sasa kompyuta ya shule ikae uchi kwa nini? Akafuma kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Kwa kuwa vumbi la Kanyangi halibishi hodi, akakishonea kitambaa kingine kizito kwa ndani. Akalivisha lile sanduku la kompyuta lililokaa chini ya meza, juu, ubavuni na mgongoni. Mwalimu Mbaluka, aliyefundisha muziki na kompyuta, alimsifu mbele ya darasa zima la Gredi ya Saba. Ndunge alivimba kichwa wiki nzima! Tangu hapo kitambaa hakikuondolewa, kompyuta iwe imezimwa au inafanya kazi.

Muhula huo kwaya ya shule ilikuwa na jambo kubwa mbele yake. Mashindano ya nyimbo ya shule za Kitui na Makueni yalitaka kila kwaya itume wimbo uliorekodiwa, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Mwaka uliotangulia walichelewa wakakosa, na watoto walilia. Safari hii wimbo wao ulihusu mvua ya Novemba, na aliyeuongoza alikuwa Mulinge, rafiki mkubwa wa Ndunge. Mulinge alipoimba, hata wapishi jikoni waliacha kukoroga githeri wakasikiliza.

Jumanne mchana wakaanza kurekodi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Walipofika ubeti wa pili, kompyuta ikaanza kuvuma kama kinu cha posho, halafu kioo kikawa cheusi tii. Wakarudia, ikazima tena. Mwalimu Mbaluka alikuna kichwa, kisha akakumbuka kwamba siku iliyotangulia alimwona Mulinge akichomeka flashi kwenye kompyuta hiyo. Akasema bila shaka ni virusi. Mulinge aliapa kwamba flashi yake ilikuwa na nyimbo za kwaya tu, lakini nani wa kumsikiliza? Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ila Ijumaa ilikuwa imemkaba koo. Akamwambia Mulinge atoke kwenye kwaya hadi atakapoitwa. Mulinge aliondoka ameinamisha kichwa, na sehemu yake akapewa mwingine ambaye, tuseme ukweli tu, hakuiweza.

Jumatano asubuhi Ndunge aliiwasha kompyuta aone kama bado ina uhai. Haikupita muda, ule mvumo ukaanza. Akainama chini ya meza, akaweka mkono juu ya kitambaa. Lo, moto! Akakifunua, na hewa ya moto ikampiga usoni kama anayefunua sufuria mekoni. Akangoja. Mvumo ukapungua polepole, wala kompyuta haikuzima. Akakirudisha kitambaa, mvumo ukarudi. Akakiondoa, ukapungua tena.

Kumbe! Hakukuwa na virusi wala nini. Kitambaa alichosifiwa nacho ndicho kilichokuwa kikiinyima kompyuta hewa.

Ndunge alikaa sakafuni akakitazama. Angeweza kukichukua nyumbani na kusema kinahitaji kufuliwa. Kompyuta ingepona, watu wangesema virusi vimekwisha, na jina lake lingebaki safi. Lakini Mulinge je? Angebaki kuitwa mharibifu kwa kosa lisilo lake. Ndunge aliona aibu hata kwa kulifikiria jambo hilo.

Kwaya ilipokusanyika saa ya mazoezi, alisimama mbele yao na kitambaa mkononi.

"Mwalimu, si virusi," alisema. "Ni kitambaa changu kilichozuia hewa. Mulinge hana kosa."

Wengine walicheka chinichini. Mwalimu Mbaluka hakucheka. Alijaribu mwenyewe, akaifunika kompyuta na kuifunua, akaona ni kweli. Akatuma Mulinge aitwe, na alipofika, mwalimu akamwambia mbele ya wote kwamba alimhukumu kabla ya kuchunguza, na akamwomba msamaha. Mulinge hakujua atazame wapi. Mwishowe alitabasamu, na mwalimu aliposema kompyuta ikaguliwe na fundi kabla ya kurekodi tena, akaomba yeye ndiye alibebe lile sanduku.

Fundi alikuwa Shiru, mama mmoja kutoka Nyeri aliyekuwa na duka la kompyuta pale sokoni. Alilifungua sanduku kwa bisibisi, na vumbi lililokuwemo lilitosha kupanda sukuma wiki. Aliwaeleza watoto kwamba prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi nyingi hupata joto. Kipande cha chuma juu yake hulinyonya joto hilo, na feni hulipuliza nje. Joto likikosa njia, kompyuta hujizima yenyewe isije ikaungua. Akapangusa vumbi, akapaka upya ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma, kisha akasema feni ya mgongoni imechoka na lazima ibadilishwe.

Akaleta feni tatu. Macho ya Ndunge yakaenda moja kwa moja kwenye ile yenye taa za rangi. Shiru akawaambia wafumbe macho wasikilize, akaziwasha moja baada ya nyingine. Ile ndogo ililia kama mbu, ya taa ikavuma, na ile kubwa nyeusi isiyo na urembo wowote ikasikika kwa shida.

"Ile ndogo na ile ya taa zitaingia kwenye wimbo wetu, anti," Mulinge alisema.

"Umesikia vizuri," Shiru akajibu. "Ndogo hukimbia sana ndiyo itoe hewa ya kutosha. Kubwa inazunguka polepole na hewa ni ileile. Na taa hazipozi kitu, mtazilipia bure."

Akapima mgongo wa sanduku akaona feni kubwa inaenea. Bei yake haikutisha, na pesa za ndengu za shamba la shule zikatosha.

Alhamisi Mulinge alisimama mahali pake. Aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho, na kompyuta ikatulia kimya muda wote. Mwalimu alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi, kwaya nzima iliruka juu. Ijumaa asubuhi wimbo ukatumwa.

Matokeo yalikuja kabla shule hazijafungwa. Walikuwa wa kwanza! Kombe lilipofika, Mwalimu Mbaluka alilileta gwarideni, akawaita Ndunge na Mulinge mbele.

"Ndunge angeweza kunyamaza," aliwaambia wanafunzi. "Angenyamaza, tungekuwa na kompyuta nzima na mwenzetu aliyeonewa, na wimbo huu usingekuwa na sauti yake. Mwenye kosa akisema ukweli mapema, anaokoa wengi. Nami nimejifunza langu. Kabla sijamnyooshea mtu kidole, nitagusa kwanza nione joto linatoka wapi."

Walipoingia ofisini kuliweka kombe mezani, Ndunge alitoa kitambaa chake kwenye begi, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akasita, akamtazama mwalimu.

"Tandika tu," Mulinge akamwambia. "Kombe halina prosesa."

Ofisi nzima ikacheka, na Ndunge akacheka kuliko wote. Akakitandaza kitambaa chake chenye maua ya waridi, na kombe likakaa juu yake.