Alama ya Mama Ndoo

Fundi Mkuu alikufa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akikata pipa ambalo kila mtu pale karakanani angeapa kuwa lilikuwa salama.

Inspekta alifika saa nne kasorobo. Mwili ulikuwa umekwisha kuondolewa. Milango ya chuma isiyopakwa rangi ilikuwa imeegeshwa ukutani, na pipa lilisimama katikati ya uwanja, juu limechanika. Kifuniko chake kilikuwa kimerukia kwenye paa la bati. Glavu moja ya ngozi ilibaki chini. Inspekta aliitazama ile glavu, akainua macho. Alikuwa amewahi kuingia hapa mara moja tu, miaka sita iliyopita, akiwa bado konstebo wa kuandikia wakubwa maelezo, na hakupapenda hata siku hiyo.

Konstebo wa sasa alikuwa na jibu tayari. Wanaowahi kufika huwa nalo.

"Kesi imekwisha, afande. Hapa pipa kuukuu halikatwi mpaka lioshwe kwa maji moto na sabuni, lijazwe maji ili mvuke wa mafuta usipate nafasi, kisha mwoshaji atie alama ya chaki. Mwoshaji ni mama mmoja, wanamwita Mama Ndoo. Alama yake hiyo hapo, mistari mitatu ndani ya duara. Na jana alizozana na marehemu, akamwambia Mungu atamlipa. Mkuu wa kituo anataka afunguliwe shitaka kabla ya saa kumi."

"Mungu akilipa, hatumii petroli," alisema Inspekta.

"Petroli?"

"Nusa."

Konstebo aliinama, akakunja pua. Ndani ya pipa maji yalikuwa yamefika nusu, na juu yake palikuwa na utando wa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Kando ya pipa, ardhi ilikuwa na tope.

"Pipa hili lilikuwa la nini?"

"Mafuta ya kupikia, afande."

"Basi petroli haikuja nalo. Mtu amepunguza maji, akamimina petroli juu. Mafuta huelea, mvuke ukajaa pale palipoachwa wazi, moto wa gesi ukagusa. Mama aliliosha pipa lake vizuri tu. Aliyelichafua ni mwingine."

"Au alilichafua mwenyewe baada ya kuliosha."

Mjinga hakuwa. Inspekta alitazama saa yake. Alibakiwa na saa sita, na baada ya hapo mama wa watu angelala rumande.

Mama Ndoo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imepasuka kwa sabuni, macho makavu. Alimtazama Inspekta muda mrefu kabla ya kujibu salamu.

"Nakukumbuka," alisema. "Mara ile nilisema kweli, ukaandika. Ikawa nini?"

Inspekta alihisi uso ukimchoma. "Leo tuanze na la leo, mama. Pipa ulimaliza kuliosha saa ngapi?"

"Saa mbili na robo. Nikalijaza mpaka likabaki kiganja kimoja. Nikatia alama."

"Halafu?"

"Nikatumwa dukani, sabuni ya unga imekwisha. Narudi, nafika getini, nasikia mlipuko."

"Nani alikutuma?"

"Babu Miwani, mtunza stoo."

"Na ugomvi wa jana?"

Mama Ndoo alitema mate pembeni. "Fundi Mkuu alitaka nitie alama kwenye mapipa mawili ambayo sijayaosha, eti mteja ana haraka. Nikamwambia sitii. Akacheka. Akasema, 'Mbona mara ile alama ilikuwepo, na nani alifungwa?' Ndipo nikamwambia Mungu atakulipa. Na narudia, amemlipa."

"Nani aliwasikia?"

"Cheche alikuwepo. Miwani naye alikuwa anagawa glavu. Lakini yule mtu alikuwa akinena kwa kelele, hata majirani wangesikia."

Cheche alikuwa fundi wa pili. Sasa Fundi Mkuu hayupo, cheo ni chake. Zaidi ya hayo alikuwa na pikipiki, na pikipiki hainywi maji. Konstebo alianza kumtazama kama paka anavyotazama dagaa.

"Mlikuwa mnapendana na marehemu?" Inspekta alimuuliza.

"Nani alimpenda? Alikuwa anatukatia vyuma bila miwani ili tuone yeye ni dume. Mimi alininyima barakoa ya kuchomelea wiki nzima, macho yakavimba nikahisi nimetiwa mchanga. Lakini kuua, afande? Mimi hata kuku nachinjiwa."

"Petroli yako iko wapi?"

"Kwenye tangi. Nilijaza jana jioni, leo nimekuja nayo mwendo mfupi tu, nakaa jirani."

Konstebo alifungua tangi. Lilikuwa limejaa karibu na kifuniko. Uso ukamshuka.

"Marehemu hakusikia harufu?" aliuliza Inspekta. "Mimi nimeisikia nikiwa nimesimama."

"Pua yake ilikufa zamani, kwa moshi wa vyuma. Tunajua wote humu. Alikuwa anategemea nyundo. Anagonga tumbo la pipa, kwa chini, mara tatu. Likilia ni tupu, likinyamaza limejaa. Leo amegonga, likanyamaza, akasema twende kazi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ule ukuta wa matofali. Siku zote nafanya kazi pale karibu naye, ila leo asubuhi Miwani alinihamisha. Akahamisha na mitungi ya gesi, akaunga mpira mrefu. Akajaza ndoo za mchanga. Alisema kuanzia leo tufuate sheria." Cheche alielekeza kidole kule ukutani. "Ile mitungi ingekuwa mahali pake, tusingezungumza sasa hivi."

Inspekta alikwenda kuangalia. Kando ya pipa, ardhini, palikuwa na duara mbili za kutu mahali mitungi iliposimama miaka na miaka. Sasa ilikuwa hatua ishirini mbali, nyuma ya ukuta, imefungwa mnyororo. Alisimama pale akihesabu. Karakana iliyovunja kila sheria kwa miaka ilikuwa imezitii zote asubuhi moja, saa moja kabla ya pipa kulipuka.

Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha la waya. Mzee aliyekuwa ndani alikuwa na miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, na kabla Inspekta hajatia mguu, alimnyoshea miwani nyingine.

"Vaa, mwanangu. Humu hamuingiwi na macho matupu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Vaa kwanza, utaniuliza baadaye."

Alivaa. Kupitia vioo vilivyokwaruzika aliona glavu zimepangwa kwa ukubwa, aproni za ngozi zimetundikwa, dumu la petroli la jenereta, na maboksi mawili ya sabuni ya unga ambayo yalikuwa bado hayajafunguliwa. Juu kabisa, peke yake kwenye msumari, palining'inia barakoa ya kuchomelea iliyochorwa jogoo mwekundu.

"Ile huwaazimi watu?"

"Ile mbovu," alisema mzee.

Ilikuwa imefutwa vumbi, na kioo chake kilikuwa kizima.

"Upo hapa muda gani, babu?"

"Mwaka wa nne."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa fundi kama hawa, mbali na hapa. Macho yakachoka. Sasa nalinda ya wenzangu."

Inspekta alimrudishia miwani, akashukuru, akatoka. Getini alimwambia konstebo, "Huyo mama asiondolewe hapa mpaka nirudi. Mkuu akipiga simu, mwambie mtandao unasumbua."

Faili la miaka sita iliyopita lilipatikana saa nane, chini kabisa ya kabati, limetafunwa pembe na mende. Alilisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye orodha ya vitu vya marehemu wa wakati ule alisoma mara mbili, kisha akafungua karatasi ya mwisho, akakaa.

Saa tisa alikuwa tena stoo, amefunga mlango nyuma yake. Safari hii alivaa miwani bila kuambiwa.

"Babu, sabuni unayo maboksi mawili. Kwa nini ulimtuma Mama Ndoo dukani?"

"Uzee. Nilisahau."

"Huwezi kusahau. Wewe unapanga glavu kwa ukubwa. Ulitaka aondoke kwenye pipa, na ulitaka alama yake ibaki. Ukapunguza maji, ukachukua petroli ya jenereta."

"Dumu lile hata Cheche hulichukua."

"Cheche angelichukua, asingehamisha mitungi. Nani huhangaika kuwakinga watu na mlipuko asioujua? Ulitaka afe mmoja, na moyo wako wa ufundi ukakukatalia kuua wengine. Mtu asiyeijua kazi hii angeiacha mitungi palepale, nami ningehangaika mwezi mzima."

Mzee alikuwa akikunja glavu, kidole kwa kidole.

"Miaka sita iliyopita fundi kijana aliungua hapa ndani ya tangi," aliendelea Inspekta. "Wenzake hawakwenda hata kumzika. Vitu vyake vilikabidhiwa kwa baba yake: saa, viatu, na barakoa moja iliyochorwa jogoo."

Glavu ilitulia mikononi mwa mzee.

"Alimchora mwenyewe," alisema hatimaye. "Alikuwa anaamka wa kwanza nyumbani, mama yake akamwita jogoo." Aliinua uso, na haukuwa na haya wala woga. "Nilikaa kwenye benchi la nyuma mahakamani nikamsikia yule mtu akiapa kwamba mwanangu aliingia kazini amelewa. Mwanangu! Hakuwahi kuonja pombe, alikuwa akinikemea mimi. Akaapa tangi lilikuwa limeoshwa, na mwoshaji ameshuhudia. Nikaja hapa nikaomba kazi, hakuna aliyenijua sura. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Miaka minne nimemvisha glavu yule mbwa! Nikimfunga aproni mgongoni, nikinusa jasho lake."

"Na jana ukasikia."

"Jana alicheka. 'Mbona alama ilikuwepo, na nani alifungwa?' Mama sikumsikia, yeye nilimsikia: alikuwa anamwambia mwenzake. Nikajua walikuwa wawili. Basi nikasema mmoja aungue na mwingine aoze. Naye aone utamu wa kusingiziwa. Sijuti, mwanangu. Niandike hivyohivyo. Ningekuwa na mapipa kumi, ningeyajaza yote."

Inspekta alitoa karatasi kwenye faili, akaiweka mezani juu ya glavu.

"Soma."

Mzee alibadilisha miwani. Ilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja, chini ina alama ya dole gumba. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. *Mimi ndiye mwoshaji. Tangi lile sikuliosha. Alama iliyokuwepo si mimi niliyeichora, Fundi Mkuu aliichora mwenyewe kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Kijana aliniulizia ili ajue kama ni salama, nami sikuwepo kumjibu. Hakuwa amelewa. Alikuwa ametoka kunywa uji na mimi.*

Alisoma tena kutoka juu. Safari hii hakumaliza.

"Hii haikusomwa," alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Haikusomwa. Fundi Mkuu aliaminiwa, mwoshaji wa mapipa hakuulizwa tena. Alipoapa kwamba mwoshaji ameshuhudia, alidanganya. Mtu pekee aliyemtetea mwanao ndiye uliyetaka aoze jela leo, na jana alikuwa anakataa kutia alama ili asife mwingine."

Mzee alishika ukingo wa meza. Hasira iliyomsimamisha miaka sita ilimtoka, na bila hiyo alionekana mdogo.

"Mwandiko wa nani huu?"

Inspekta alivua miwani. Alikuwa amelijua swali hilo tangu saa nane. "Wangu."

"Ulijua."

"Niliandika, wakubwa wakasema faili lifungwe, nikafunga. Nilikuwa mgeni kazini, niliogopa. Nimekosa, babu, na kukukamata hakulifuti kosa langu. Faili la mwanao nalifungua leo na hili lako. Hakimu atazisoma karatasi zote mbili, nikifukuzwa na nifukuzwe."

Mzee alinyosha mikono yake miwili mbele, na Inspekta akamwita konstebo.

Walipomtoa uwanjani, Mama Ndoo alisimama kutoka kwenye ndoo yake. Konstebo alikwisha kumwambia yupo huru, na kwa nini. Mzee alisimama mbele yake, akajaribu kupiga magoti, pingu zikamzuia.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza," alisema Mama Ndoo. "Miaka minne umenipa sabuni asubuhi na jioni. Hukuuliza hata siku moja! Mwanao ni mimi niliyemfuta damu usoni, kwa kanga yangu, wenzake wamekimbia. Ningekueleza maneno yake ya mwisho."

"Alisema nini?"

Mama Ndoo alimtazama mpaka mzee akainamisha kichwa.

"Nitayasema mahakamani," alijibu. "Utayasikia ukiwa umesimama kizimbani, kama nilivyotakiwa kusimama mimi."

Akachukua kitambaa kilicholowa, akaliendea pipa na kuanza kuifuta alama yake. Konstebo alishtuka. "Afande, hicho ni kidhibiti!"

"Si ulikwisha kukipiga picha?" alisema Inspekta. "Mwache."

Mama aliufuta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha duara, akakamua kitambaa kwenye ndoo yake na kwenda nyumbani. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano.