Bakuli la Chini ya Mtungi

Kila alfajiri Josepha alitakiwa kuamka kabla ya jogoo, abebe debe, ateke maji bombani na kujaza mtungi wa kunywa. Kisha amsaidie mama yake, Severa, kukaanga vitumbua vya kuuza sokoni Kariakoo. Lakini usingizi ulimpenda Josepha kama kupe anavyompenda ng'ombe.

Siku moja akamsikia Benjamini, mpangaji wao, dereva wa lori, akijigamba: "Nikimeza vidonge hivi, nafika Moshi sijapepesa macho!"

Josepha akapiga hesabu ya mvivu: mama asiposinzia, kazi zote atazifanya mwenyewe. Tangu jioni ile akawa anaiba vidonge sita kila siku na kuvitia mtungini. Yeye alikunywa maji bombani.

Siku ya kwanza mama aliteka maji mwenyewe huku akiimba. Siku ya pili hakugusa chakula. Siku ya tatu mikono ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio, akaanguka jikoni. Hata jogoo wao hakutulia. Alizunguka ua mchana kutwa akiwika, kama askari aliyepoteza funguo za jela.

Mama akalazwa. Kesho yake ikasikika kwamba mpimaji wa dawa kutoka hospitali anakuja kupima maji ya nyumbani. Josepha akamwaga mtungi, akausugua, akaujaza maji mapya. Siku hiyo hakusubiri kuamshwa!

Mpimaji alikuwa Bwana Jitendra wa Upanga, mtu mwembamba mwenye sanduku la chupa.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Mkojo wa mama yako una dawa ya kufukuza usingizi. Daktari hajui ameinywa kwa siku ngapi, wala kiasi gani. Akikosea tiba, tutampoteza."

Akachota maji ya mtungini, akayakausha kwenye kisahani cheupe juu ya moto, akadondosha dawa yake. Kisahani kikabaki cheupe.

"Maji ni safi. Basi dawa ameinywa mwenyewe kwa siri."

Josepha akainama kuchochea moto.

Jogoo akawika, akaja mbio kunywa kwenye bakuli lililokinga matone chini ya mtungi. Bwana Jitendra akamtazama. "Na huyu naye hapati usingizi?"

Akachota maji ya bakuli, akakausha, akadondosha. Kisahani kikageuka rangi ya chungwa.

"Mtungi uliusugua, binti," alisema taratibu. "Maji ya kuku ukayasahau."

Josepha akamshika mkono. "Ni mimi, bwana. Vidonge sita kila jioni, jioni tatu. Msimwache mama afe!"

Bwana Jitendra hakungoja hata kufunga sanduku. Alirukia baiskeli kuelekea hospitali.

Baada ya wiki moja mama alirudi, amekonda, akiegemea ukuta.

"Ulitaka kuninyima usingizi, mwanangu," alisema, "ukakaribia kunipa ule usio na asubuhi. Mwili una haki ya kupumzika. Mwenye kuudanganya huuvunja. Na ungesema kweli mapema, tusingehitaji jogoo awe shahidi."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa beba debe, na utembee taratibu. Jogoo bado analipa deni la usingizi."