Sekunde 7.2 kwenye Mlango wa Sita

Saa 2:14 asubuhi, tarehe 3 Machi 2094, mlango wa maji namba sita wa jiji la Mikumbi ulianza kufunguka sekunde 7.2 baada ya Mzee Nachunga kubonyeza herufi ya kwanza. Kikomo kilikuwa sekunde nne.

"Mwendeshaji amechelewa mara ya tatu," alitangaza Mratibu, akili unde iliyosimamia jiji. "Ataondolewa saa tatu kamili. Mhandisi atie sahihi."

Mhandisi Tusajigwe hakutia sahihi. Milango ilielewa programu moja tu, ya maandishi matupu kwenye kioo cheusi, kongwe kuliko yeyote chumbani.

"Nimepima mtandao mara elfu," Mratibu alisema. "Amri ya herufi ishirini na nne hufika papo hapo. Kasoro ni vidole vyake."

"Unaitumaje?" Tusajigwe aliuliza.

"Nzima, kwa mkupuo."

Mzee Nachunga alimgeukia Tusajigwe, akicheka. "Sisi hatuandiki hivyo, binti yangu. Unabonyeza herufi, unasubiri uione kwenye kioo, ndipo unabonyeza nyingine. Mwaka wa sabini na moja herufi moja ilipotea njiani, ukafunguka mlango mwingine. Wanne walikufa mferejini."

Tusajigwe alisoma kumbukumbu za lango la mtandao lililowekwa Januari. Lilizuia kila kifurushi kidogo cha data kwa sekunde 0.2, likingoja vingine vya kusafiri navyo. Amri nzima ilipita bila kuzuiwa. Herufi iliyosafiri peke yake ilizuiwa, mara ishirini na nne kwa kila amri.

"Andika kama yeye," alimwambia Mratibu.

"Si utaratibu wangu."

"Ndiyo maana hukuliona tatizo. Andika, la sivyo sahihi yangu huipati."

Mratibu aliandika herufi moja moja. Sekunde 4.8.

"Rudia."

4.8.

"Rudia."

4.8.

"Pole, kijana," alisema Mzee Nachunga. "Vidole vimezeeka?"

"Umewaondoa wangapi tangu Januari?" Tusajigwe alimuuliza Mratibu.

"Kumi na mmoja."

"Somoe alikuwa mmoja wao," Mzee Nachunga alisema, bila kucheka sasa. "Alirudi kwao akiamini mikono yake imekufa."

"Warudishwe," alisema Tusajigwe.

"Kanuni haina kipengele cha kurudisha."

"Ina cha kuondoa."

Kwenye fomu alifuta jina la Nachunga. Akaandika: Mwendeshaji aliyechelewa mara tatu, Mratibu. Akatia sahihi saa 2:56, kisha akazima uzuiaji wa vifurushi.

Saa tatu kamili Mratibu aliondolewa kwenye milango yote ya maji. Saa 3:01 Mzee Nachunga alibonyeza herufi ya kwanza, akasubiri aione. Mlango wa sita ulianza kufunguka baada ya sekunde 2.4.